Nyumba ya Sala juu ya Kilima cha Kikaya

SOMO LA 31

1. Mawe mawili

Base ya Kamina iko juu ya uwanda mpana. Mtu akitoka nyumbani asubuhi haoni mlima mbele wala nyuma. Huona majani, miti, nyumba za askari, na uwanja wa ndege uliojengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili. Watu wa base wametoka pande zote za Kongo. Mmoja amezaliwa Bandundu, mwingine Kivu, mwingine papo hapo Katanga. Kama lugha zao zilivyo nyingi, ndivyo na nyumba zao za sala zilivyo nyingi. Jumapili asubuhi kengele inalia huku, ngoma inalia kule, na mahali pengine watu wanapiga makofi na kuimba.

Jumapili moja vijana watatu wa darasa la sita walikuwa wakirudi kutoka misa. Wakapita karibu na nyumba ndogo ya bati ambamo Wakristo wa dhehebu jingine walikuwa wakisali. Mmoja wao, mtoto wa sajini, akaokota jiwe. Akasema, “Ngojeni, niwapigie kengele.” Akalitupa. Jiwe likagonga bati kwa kishindo, na wenzake wakacheka. Akaokota la pili. Hilo halikugonga bati. Liliingia dirishani.

Ndani alikuwamo bibi mzee aliyepiga magoti. Jiwe likampata juu ya jicho, damu ikatoka.

Kabla ya jua kutua, habari ilikuwa imeenea base nzima. Vijana wa nyumba ile wakasema, “Kanisa lao lina vioo vizuri, na sisi tunajua kuokota mawe.” Hata watu wazima, waliokuwa wakichota maji katika bomba moja na kuuguzana siku za homa, wakaanza kusema “sisi” na “ninyi.”

Jumatatu mwalimu wa darasa la sita akaingia darasani. Alikuwa amerudi usiku kutoka safari ndefu. Alikwenda Uganda pamoja na mahujaji wengine kwa sikukuu ya Mashahidi, ambayo ni tarehe 3 Juni.

“Karibu, Mwalimu! Habari ya safari?” wanafunzi wakaitika kwa pamoja.

“Nzuri, wanangu. Habari za hapa nimekwisha kuzisikia.”

Darasa likanyamaza. Mtoto wa sajini akainamisha kichwa, akingojea fimbo. Lakini mwalimu hakuchukua fimbo. Alichukua chaki.

2. Ramani ubaoni

Mwalimu akachora nukta moja chini ya ubao, upande wa kushoto. “Hapa ni Kamina,” akasema. Kisha akavuta mstari wa reli kwenda Kabalo, na kutoka Kabalo mpaka Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika. Akavuka ziwa mpaka Kigoma, nchini Tanzania. Kutoka Kigoma mstari ukapanda kaskazini mpaka Bukoba, ukapita mpaka wa Uganda pale Mutukula, ukafika Masaka. Kati ya Masaka na Kampala akakata mstari mwingine, ulionyoka toka upande mmoja wa ubao mpaka upande wa pili.

“Mstari huu ni nini?” akauliza.

“Ni Ikweta, Mwalimu!”

“Ndiyo. Sisi tuko kusini yake. Kampala iko kaskazini yake kidogo tu. Sasa tazameni.” Akaanza kuchora nundu, moja, mbili, tatu, mpaka ubao ukawa kama mgongo wa mamba.

Kampala ni mji wa vilima. Jina lake lenyewe limetoka kwa kilima. Zamani wafalme wa Buganda, waitwao Kabaka, walikuwa na swala aina ya impala juu ya kilima kimoja, na watu wakakiita kilima cha impala. Watu husema kwamba mji ulijengwa juu ya vilima saba, lakini leo umeenea juu ya vilima vingi zaidi. Na juu ya vilima hivyo zimejengwa nyumba za sala. Kila moja inaonekana kutoka mbali, na kutoka katika kila moja unaziona nyingine.

Mwalimu alifika huko siku chache kabla ya sikukuu. Alipokewa na mzee mmoja Mganda, Mkatoliki, seremala wa kazi yake. Siku ya kwanza mzee akampeleka Rubaga, kwenye kanisa kuu la Wakatoliki. Siku ya pili, baada ya chai, akamwambia, “Mwalimu, umekwisha kuona kilima chetu. Leo twende ukaone kilima cha jirani.”

3. Kupanda Kikaya

Kilima cha Kikaya kiko upande wa kaskazini wa mji, karibu na njia ya Gayaza. Makelele ya magari na pikipiki yanabaki chini. Juu kuna majani mafupi yaliyokatwa vizuri, miti mikubwa yenye kivuli, na njia safi za kutembea. Katikati ya bustani hiyo linasimama jengo moja la mviringo, jeupe, na juu yake kuna kuba ya rangi ya majani mabichi. Hilo ndilo hekalu la Wabahai.

“Wabahai ni watu gani, Mwalimu?” akauliza msichana wa benchi la mbele.

Mwalimu akaeleza. Dini ya Wabahai ilianza Uajemi, nchi iitwayo leo Iran, katika karne ya 19. Mwanzilishi wake aliitwa Baha’u’llah. Alizaliwa mwaka 1817, akafa mwaka 1892, baada ya miaka mingi ya kifungo na kufukuzwa kutoka nchi moja mpaka nyingine. Wabahai wanaamini Mungu mmoja, nao wanafundisha kwamba watu wote ni jamaa moja.

Hekalu la Kikaya halikukusudiwa kujengwa kwanza. Wabahai walitaka kujenga Teheran, mji mkuu wa Uajemi. Lakini mwaka 1955 waliteswa sana huko, wasiweze kujenga. Basi wakaazimia kujenga Afrika. Jiwe la msingi likawekwa Januari 1958, na nyumba ikafunguliwa Januari 1961. Ndiyo nyumba yao ya kwanza ya namna hii katika bara lote la Afrika.

Urefu wake kwenda juu ni kama meta 39. Kuba peke yake ina upana wa meta 13. Msingi umechimbwa meta 3 chini ya ardhi, kwa sababu katika nchi zile ardhi hutetemeka mara kwa mara. Vigae vidogo vya kuba vililetwa kutoka Italia. Vigae vya paa la chini vilitoka Ubelgiji. Vioo vya rangi vilitoka Ujerumani. Lakini mbao za milango na mabenchi ni za Uganda kwenyewe. Mzee, kwa kuwa alikuwa seremala, alipitisha kiganja juu ya benchi moja polepole, akasema, “Mbao hizi zimekatwa kwetu. Zimekaa miaka mingi, na bado hazikupinda.”

Nyumba ina pande tisa na milango tisa. Milango hiyo haikuwekwa kwa ajili ya watu wa namna tisa. Maana yake ni kwamba mtu ye yote, akitoka upande wo wote, ataukuta mlango. Ndani hakuna sanamu wala picha. Hakuna mahubiri. Hakuna ngoma wala kinanda. Sauti ya mtu peke yake ndiyo inayoimba. Husomwa maneno ya vitabu vitakatifu vya dini mbalimbali.

Mwalimu na mzee walivua kofia zao, wakaingia, wakakaa kimya. Mwanga wa vioo ulikuwa ukianguka sakafuni, wa kijani na wa manjano. Mlinzi wa mahali hakuwauliza dini yao. Aliwaomba tu wasiseme kwa sauti.

“Na huku kwetu Kongo, Wabahai wako?” akauliza kijana mmoja.

“Wako. Mwaka 2023 walifungua hekalu lao karibu na Kinshasa. Nalo lina pande tisa.”

“Kumbe!” darasa likasema.

4. Kwa nini juu ya kilima?

Msichana wa mbele akanyosha mkono tena. “Mwalimu, kwa nini watu wanapenda kujenga nyumba ya sala juu ya kilima? Kupanda ni taabu, hata maji ni mbali.”

“Umeuliza vizuri,” mwalimu akasema. “Musa alipanda wapi kupokea Amri za Mungu?”

“Mlima Sinai!”

“Na Hekalu la Yerusalemu lilijengwa wapi?”

“Juu ya mlima!”

Si Wayahudi na Wakristo tu. Katika nchi ya Nepal, mbali sana, upande wa Asia, kuna kilima kiitwacho Swayambhu, karibu na mji wa Kathmandu. Juu yake pana hekalu la kale la Wabuda, ambalo limekuwako zaidi ya miaka 1500. Wanaopanda kwa upande wa mashariki hupita ngazi za mawe, nazo watu huzihesabu kuwa 365, kama siku za mwaka. Nyani wamejaa huko, wakinyang’anya wageni ndizi. Mtu akifika juu anaona bonde lote la Kathmandu na milima inayolizunguka.

Lakini jambo la ajabu ni hili. Juu ya kuba ya hekalu lile kuna mnara wa dhahabu wenye pande nne, na kila upande yamechorwa macho mawili makubwa. Macho yanatazama mashariki, magharibi, kaskazini na kusini. Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko kubwa liliipiga nchi ya Nepal. Nyumba nyingi zikaanguka, na majengo kadhaa yanayolizunguka hekalu yakabomoka. Kuba kubwa ilibaki imesimama, na yale macho yakabaki yakitazama pande zote nne, juu ya nyumba zilizosimama na nyumba zilizoanguka. Kisha watu wakakusanya matofali, wakaanza kujenga tena.

“Basi,” mwalimu akasema, “mtu hupanda juu ili amkaribie Mungu. Hiyo ni sababu ya kwanza. Lakini akiisha kusali na kugeuka kurudi, anaona nini?”

Wanafunzi wakafikiri.

“Anaona nyumba za watu,” akajibu mtoto wa fundi wa reli.

“Ndiyo. Anaona nyumba za watu wote, siyo yake tu. Sisi tulitoka katika hekalu la Kikaya, tukasimama chini ya mti, na mzee akanyosha fimbo yake.”

5. Vilima vinavyotazamana

Mzee alianza na upande wa kusini, mahali mji ulipo.

“Kule ni Namirembe, kilima cha Waanglikana,” akasema. “Jina lake limetoka katika neno mirembe, maana yake amani.” Makanisa kadhaa yalijengwa juu yake, moja baada ya jingine. Moja liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Jingine, la matofali, lilipigwa na radi mwaka 1910, likaungua. Kanisa linaloonekana leo lilimalizika mwaka 1919.

“Karibu nalo ni Rubaga, kilima chetu.” Huko zamani palikuwa na jumba la Kabaka Mutesa. Mwaka 1879 Padri Simeon Lourdel na Bruda Amans, Wamisionari wa Afrika waitwao Mapadri Weupe, walifika Uganda kwa mtumbwi. Padri Lourdel akaitwa na watu Mapera, kwa sababu hawakuweza kutamka Kifaransa vizuri walipotaka kusema “Padri wangu.” Kanisa kuu la Rubaga lilianza kujengwa mwaka 1914, likabarikiwa mwaka 1925. Ndani yake amezikwa Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, ambaye mwaka 1939 alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati hizi kupewa uaskofu wa Kikatoliki.

“Kule ni Kibuli, kilima cha Waislamu.” Mwana wa mfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi, na msikiti ukafunguliwa mwaka 1951. “Na pale, kwenye Kampala ya Kale, ni msikiti mkubwa zaidi.” Ulianza kujengwa mwaka 1972, ukasimama nusu kwa miaka mingi, ukamalizika baada ya zaidi ya miaka 30. Sasa wageni wa dini zote hupanda ngazi za mnara wake kutazama mji.

“Na kule ni Kasubi.” Hapo ndipo wamezikwa Makabaka wanne, ndani ya nyumba kubwa ya nyasi. Wa kwanza wao ni Mutesa I, aliyekufa mwaka 1884. Nyumba hiyo iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Watu walilia kama waliofiwa. Nayo imejengwa tena.

Mtoto wa sajini, ambaye mpaka hapo hakuwa amesema neno, akauliza kwa sauti ndogo, “Mwalimu, watu wa vilima hivyo, hawakupigana hata siku moja?”

Mwalimu akaweka chaki chini.

6. Siku ya tarehe 24 Januari 1892

Walipigana, tena vibaya. Mwaka 1888 Waislamu, Wakatoliki na Waanglikana waliungana kumwondoa Kabaka Mwanga. Baada ya majuma machache tu, Waislamu wakawafukuza Wakristo. Kisha Wakristo wakarudi na bunduki, wakawafukuza Waislamu. Waliobaki peke yao, wakaanza kutazamana wao kwa wao. Wakatoliki waliitwa Wafransa, kwa sababu ya mapadri wao. Waanglikana waliitwa Wangereza. Walikuwa Waganda wote, wa ukoo mmoja pengine, lakini waliitana kwa majina ya nchi ambazo hawajaziona.

Tarehe 24 Januari 1892 vita ikatokea Mengo, katikati ya vilima. Kapteni Lugard, Mwingereza, alikuwa na ngome yake juu ya kilima cha Kampala, na bunduki ya mtombo iitwayo Maxim. Akawasaidia Wangereza. Watu wengi wakafa. Misioni ya Rubaga ikateketezwa kwa moto. Kabaka Mwanga akakimbilia kisiwani, na Wakatoliki wengi wakahamia Buddu, upande wa Masaka.

“Sasa nisikilizeni sana,” mwalimu akasema. “Mzee aligeuza fimbo yake upande wa mashariki. Akasema, ‘Kule, mbele zaidi, ni Namugongo.’”

Namugongo ndiko walikouawa Mashahidi, tarehe 3 Juni 1886. Kabaka Mwanga aliagiza vijana Wakristo wa jumba lake wachomwe moto, kwa sababu hawakutaka kuiacha dini yao. Wauaji hawakutenga Wakatoliki huku na Waanglikana kule. Waliwafunga katika mabua, wakawalaza juu ya kuni zile zile. Na kabla yao, wakati wa Kabaka Mutesa, vijana Waislamu nao waliuawa kwa ajili ya dini yao.

“Hesabuni,” mwalimu akasema. “Kutoka 1886 mpaka 1892 ni miaka mingapi?”

“Sita, Mwalimu.”

“Miaka sita. Mtoto aliyezaliwa siku waliyokufa pamoja hakuwa hata na umri wa kujua kusoma, siku ndugu zao walipopigana risasi.”

Hapo darasa lote likawa kimya. Nje ilisikika ndege ikishuka uwanjani.

Kilima cha Kikaya nacho kilipata zamu yake. Septemba 1977 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku madhehebu mengi, na Wabahai walikuwa miongoni mwao. Mwaka huohuo, Februari, Askofu Mkuu wa Waanglikana, Janani Luwum, alikuwa amekwisha kuuawa. Milango tisa ya Kikaya ikafungwa. Mwaka 1979, Amin alipoondolewa, ikafunguliwa tena. Lakini Septemba ya mwaka huo kiongozi mkubwa wa Wabahai wa Afrika, Enoch Olinga, aliuawa nyumbani kwake Kampala, yeye na mke wake na watoto wao watatu. Amezikwa kule Kikaya.

“Hivyo,” mwalimu akasema, “hakuna kilima hata kimoja pale kisicho na majivu yake. Huyu alichomewa, yule alifungiwa, na yule aliyechoma jana, leo ndiye anayelia. Nilimwuliza mzee, ‘Na leo mnaishije?’ Akanijibu, ‘Mimi nimetengeneza milango kwenye vilima vitatu. Mlango wa nyumba ya sala nautengeneza sawasawa, wa nani usiwe wa nani. Nikiutengeneza vibaya kwa kuwa si wangu, mimi ni seremala mbaya, tena ni Mkatoliki mbaya.’”

7. Jibu la mwalimu

Mtoto wa fundi wa reli akasimama. “Basi, Mwalimu, dini zote ni sawa?”

“Hapana, mwanangu, sikusema hivyo. Mzee yule ni Mkatoliki. Jumapili hakwenda Kikaya, alikwenda Rubaga. Na Mbahai hakuacha dini yake kwa kuwa sisi tuliingia kwake. Kila mtu alijua nyumba yake. Lakini tarehe 28 Oktoba 1965, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Maaskofu wote pamoja na Baba Mtakatifu Paulo wa Sita walitoa hati iitwayo Nostra Aetate. Hati hiyo inawataja Waislamu, Wayahudi, hata Wabuda. Inawaagiza Wakatoliki waheshimu mambo ya kweli na matakatifu yaliyo kwa watu hao, na wasimbague mtu ye yote kwa ajili ya dini yake. Mtu asiyeheshimu sala ya jirani, sala yake mwenyewe ameielewa kweli?”

“Lakini wao wanatuita wapagani,” mtoto wa sajini akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. “Wanasema sisi tunaabudu sanamu. Wanaimba usiku kucha, mdogo wangu halali.”

“Najua,” mwalimu akajibu. “Wanakosa kwa kusema hivyo. Nitakwenda kuzungumza na mkubwa wao, na baba yako atakuja nami. Lakini niambie, bibi yule aliyepiga magoti, yeye alikuita mpagani?”

Kijana akatikisa kichwa.

“Alikuwa akimwomba nani?”

Kijana akakawia. Kisha akasema, “Mungu.”

“Basi jiwe lako lilimkuta akizungumza na Mungu. Hapa kwetu hakuna kilima. Uwanda wote ni sawa, nasi hatuoni mbali. Kwa hiyo sisi wa Kamina lazima tupande kwa moyo, ili tuwaone majirani.”

Mchana huohuo kijana alikwenda kwa bibi, yeye na baba yake na mwalimu. Sajini alikuwa amechukua nyundo na kioo kipya cha dirisha. Bibi alikuwa amekaa kitini, na kitambaa cheupe kimefungwa juu ya jicho. Kijana akapiga magoti, akasema, “Bibi, nimekukosea. Ni mimi niliyetupa jiwe. Nisamehe.”

Bibi akamtazama kwa jicho lile moja kwa muda mrefu.

“Nimekusamehe jana,” akasema. “Lakini jicho halijasamehe bado, linauma. Mpaka lipone, wewe utanichotea maji.”

Kijana akachota maji kila asubuhi kabla ya shule. Jicho lilipona baada ya majuma matatu. Yeye hakuacha kuchota. Na vijana waliotaka kupiga vioo vya kanisa walipomwona akipita na ndoo, siku ya kwanza walimzomea, siku ya pili walinyamaza, na siku ya tano mmoja wao akamsaidia kuinua ndoo kichwani.

MANENO YA KUJIFUNZA

Uwanda: nchi pana isiyo na milima.
Kuba: paa la mviringo lililoinuka kama nusu ya chungwa.
Kigae: kipande cha udongo uliochomwa, cha kuezekea au cha kupambia.
Hekalu: nyumba kubwa ya sala.
Hujaji (wengi: mahujaji): mtu anayesafiri kwenda mahali patakatifu.
Kupiga marufuku: kukataza kwa amri.
Kuzomea: kumpigia mtu kelele za kumdhihaki.

MASWALI

1. Kwa nini watu wa Base ya Kamina wana nyumba nyingi za sala?
2. Taja miji ambayo mwalimu aliichora ubaoni kutoka Kamina mpaka Kampala.
3. Hekalu la Kikaya lilifunguliwa mwaka gani? Lina milango mingapi, na maana yake ni nini?
4. Vigae na vioo vya hekalu vilitoka nchi gani? Mbao zilitoka wapi?
5. Macho ya hekalu la Swayambhu yanatazama wapi? Yanatukumbusha nini?
6. Jina Namirembe limetoka katika neno gani? Eleza yaliyotokea karibu na kilima hicho tarehe 24 Januari 1892.
7. Kwa nini mwalimu aliwaambia wanafunzi wahesabu miaka kutoka 1886 mpaka 1892?
8. Mzee seremala alisema nini juu ya milango? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.
9. Bibi alisema, “Jicho halijasamehe bado.” Alitaka kusema nini?

KAZI

a) Chora ramani ya njia kutoka Kamina mpaka Kampala. Onyesha reli, ziwa, mipaka na Ikweta.
b) Andika majina ya nyumba za sala zilizo karibu na kwenu. Chagua moja isiyo yako. Waulize watu wake, kwa adabu, ilijengwa mwaka gani na nani waliijenga. Andika majibu kwa mistari kumi.